Salamu za Krismasi, na jemadari aliyerudi kwake

Ndugu, jamaa na marafiki, heri ya Krismasi kwenu nyote.

Kila mkesha kama huu mimi huikumbuka safari moja ya mwaka 1783. Vita vya Wamarekani dhidi ya Uingereza vilikuwa vimekwisha. Jemadari wao mkuu, George Washington, hakuwa amekaa kwake tangu 1775, ukiacha siku chache za mwaka 1781 alizopitia njiani kwenda na kurudi Yorktown, kwenye pigano kubwa la mwisho. Askari walimtii yeye kuliko Bunge lililoshindwa hata kuwalipa mishahara. Mwaka uliotangulia, ofisa mmoja, Lewis Nicola, alimwandikia akigusia nchi iwe na mfalme. Alijibiwa kwa ukali.

Tarehe 23 Desemba 1783 akaingia ukumbini mjini Annapolis, Bunge lilipokuwa likikutana. Wajumbe kama 20 tu walikuwa wameketi, kofia vichwani. Yeye akasimama, akawainamia. Wao wakavua kofia bila kuinama, na ndivyo ilivyopangwa: mwenye upanga ainame mbele ya wawakilishi wa raia. Alipokuwa akisoma hotuba yake, mkono ulitetemeka hata ikabidi aishike karatasi kwa mikono miwili. Akarudisha hati yake ya ujemadari, akashika njia. Mkesha wa Krismasi ukamkuta nyumbani kwake Mount Vernon, kwa mkewe Martha.

Wanamapinduzi wale walikuwa wasomaji wa historia ya Roma. Walimjua Julius Kaisari, jemadari aliyejitwalia madaraka, na walichokiogopa ni jemadari mshindi asiyetaka kwenda nyumbani. Walikwisha kuandika mwaka 1776 kwamba serikali hupata mamlaka yake kwa ridhaa ya wanaotawaliwa. Kwangu mimi, maneno yale yalipata mwili siku ile Annapolis, kuliko katika ushindi wowote wa vitani.

Ila kuna jambo linaniuma. William Lee, mtumwa wake, alikuwa ubavuni pake miaka yote ya vita. Naye alirudi Mount Vernon, lakini alirudi utumwani. Uhuru wake ulimfikia miaka 16 baadaye, Desemba tena, Washington alipofariki na kuacha wosia wa kumwachilia na kumpa dola 30 kila mwaka. Ni huyu ninayemuwaza zaidi usiku huu.

Kwa hiyo salamu zangu za kwanza ziwaendee mlio kazini wakati wengine wako mezani: madereva, walinzi, wauguzi, dada zetu wa kazi za nyumbani. Na mlio barabarani kuelekea kwenu, Mungu awafikishe salama. Wasalimieni wazee.