Risala ya Wahitimu wa Ukunga kwa Mgeni Rasmi

Ndugu Mgeni Rasmi, Mkuu wa Chuo, wakufunzi, wazazi na walezi wetu, mabibi na mabwana,

Asante kwa kuacha shughuli zako ukaja kutuaga. Risala za mahafali huwa na orodha ya maji, umeme na uzio. Hayo tunaamini Mkuu wa Chuo amekwisha kukunong'oneza. Sisi tuna jambo moja: msongo wa mawazo wa mama mjamzito.

Tukiwa kwenye mafunzo kwa vitendo, mama mmoja wa mimba ya miezi saba alipimwa kila kitu. Presha nzuri, damu nzuri, mapigo ya mtoto yanasikika. Tukajaza kadi. Alipokuwa akijifunga kanga yake akasema kwa sauti ndogo, "Nesi, mwenzenu silali." Nje benchi limejaa. Tukamjibu, "Usiwaze sana mama," tukaita anayefuata. Kwenye kadi ile hatukuandika chochote kuhusu usingizi wake.

Na darasani tulikuwa tumeshafundishwa. Mwili wenye hofu humwaga homoni ya kortisoli. Kondo la nyuma lina kimeng'enya kinachoivunja sehemu kubwa isimfikie mtoto, lakini msongo ukiwa mkali na wa muda mrefu kinga hiyo huweza kulegea, homoni ikafika kwenye ubongo ambao bado unajengwa.

Januari 1998, dhoruba ya barafu ilikata umeme Quebec, nchini Kanada. Kuna nyumba zilizokaa gizani zaidi ya mwezi, katikati ya baridi. Mtafiti Suzanne King na wenzake waliwafuatilia wanawake waliokuwa na mimba wakati ule, kisha watoto wao kwa miaka mingi. Uzuri wa utafiti ule, kama dhoruba ina uzuri, ni kwamba barafu haikuchagua tajiri wala maskini. Watoto ambao mama zao walitaabika zaidi walikuwa, kwa wastani, nyuma kidogo katika lugha na vipimo vya akili.

Tumesema "kwa wastani" makusudi. Asitoke mtu hapa akamwambie mkewe kwamba machozi yake yamemharibu mtoto. Wengi hukua salama, na malezi yenye upendo hurekebisha mengi. Tena mjamzito hajipi msongo mwenyewe: kuna kipigo, kuna deni la vikoba, kuna mume aliyezima simu.

Dawa yake si lazima iwe ghali. Vijijini Pakistan, wahudumu wa afya ya jamii, wasio madaktari wa akili, walifundishwa kuzungumza na wajawazito wenye sonona, ile huzuni nzito isiyoondoka, majumbani kwao. Matokeo yalichapishwa mwaka 2008: miezi 6 baada ya kujifungua, waliobaki na sonona walikuwa 23 katika kila 100; kwa waliotembelewa bila mazungumzo hayo, 53.

Ndugu Mgeni Rasmi, ombi letu ni pazia moja na viti viwili katika kila kliniki ya wajawazito iliyo chini yako, na mkunga mwenye dakika kumi za kumwuliza mama: Unalala? Nyumbani kuna amani? Nani anakusaidia? Na anayehitaji zaidi ijulikane anapelekwa wapi, kwa daktari au dawati la jinsia.

Wakunga wa kuketi kwenye kiti cha pili ndio hawa tuliosimama mbele yako, ajira zikitoka.

Tunaomba kuwasilisha.