Kijana aliyesoma sheria asisubiri uwakili ndio aanze maisha

Mhariri, naomba nafasi kidogo gazetini kwako, hili jambo limenikaa rohoni muda mrefu.

Mimi nimesoma sheria, digrii ninayo, ila sio wakili. Nilipomaliza chuo mzee akaugua, hela iliyotengwa ya kwenda Law School, pale unapopita baada ya digrii ili uwe wakili, ikaishia hospitali, mwaka ukapita na mwingine ukapita. Mpaka leo nikienda nyumbani, iwe msiba iwe harusi, swali la kwanza ni "wakili wetu, unaapishwa lini?" Wanauliza kwa upendo kabisa wala siwalaumu, ila kwa vijana wanaomaliza sasa hivi hilo swali linauma, kuna mtoto wa shangazi yangu kajifungia ndani mwaka mzima, hata kuomba kazi hataki eti mpaka awe wakili kwanza.

Tunakumbuka yale matokeo ya Law School yaliyozua kelele Oktoba 2022, watahiniwa 633, waliofaulu moja kwa moja 26 tu, wengine 342 wakarudia baadhi ya mitihani na 265 wakaambiwa safari imeishia hapo. Waziri wa Katiba na Sheria wa wakati huo, Dk Ndumbaro, akaunda kamati ya kuchunguza chini ya Dk Mwakyembe. Watu wakabishana mtihani mgumu au vyuo havifundishi, sawa, ni maswali ya haki, lakini mimi nilikuwa nawaza wale 265, asubuhi yake waliamka wakafanye nini? Maana chuoni miaka yote mtu anaandaliwa kwa mlango mmoja tu.

Sasa mimi niseme ninachofanya. Niko kampuni ya ujenzi, Mwanza, kitengo cha mikataba. Wakati naajiriwa sikujua hata BOQ, ile orodha ya kazi za mradi na bei zake, ni kitu gani, QS wetu, yaani mkadiriaji majenzi, ndiye alinifundisha nikiwa nimekaa pembeni yake na daftari. Mikataba mingi ya barabara na majengo makubwa inafuata mtindo wa FIDIC, ile mikataba ya mfano ya ujenzi inayotumika kimataifa, na ile ya mwaka 1999 ambayo bado inatumika sana ina kipengele kwamba mkandarasi akitaka kudai muda wa ziada au hela ya ziada lazima atoe notisi ndani ya siku 28 tangu ajue tatizo, zikipita amepoteza. Mainjinia wa saiti ni watu wa kazi, wanamalizana kwa simu na WhatsApp, barua hawaandiki. Kuna mradi michoro ilichelewa kutoka kwa mhandisi mshauri, kila mtu saiti analalamika na hakuna aliyeandika kitu, mimi nimekuja kuiona siku ya 23. Nikaandika notisi usiku uleule. Tulipewa muda wa ziada, na bila ile barua tungekatwa fidia ya ucheleweshaji kila siku hadi tumalize. Hiyo ni sheria niliyosoma darasani, kujua neno "lazima" kwenye mkataba lina uzito gani, na hakuna jaji aliyehusika.

Na sio ujenzi tu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 imeleta kazi ambayo zamani haikuwepo, mabenki, hospitali, kampuni za simu zote zinahitaji mtu wa kuisimamia. Ununuzi nao una sheria mpya ya 2023, mwenye digrii ya sheria akiongeza mitihani ya bodi ya ununuzi na ugavi anakuwa mtu adimu. Bima wanataka watu wa madai. Halafu kuna hili linalonigusa zaidi, tangu 2021 sheria inasema lugha ya mahakama na ya sheria ni Kiswahili, kwa hiyo kuna sheria, hukumu na mikataba kibao ya kutafsiri, na hiyo kazi huwezi kumpa mtu anayejua lugha peke yake, anatakiwa aliyeelewa kesi. Mzee wa kijijini akisoma hukumu ya shamba lake na kuielewa mwenyewe mimi naona ni jambo kubwa sana.

Mipaka ipo na tuiheshimu. Asiye wakili hasimami mahakamani kumtetea mtu, hagongi muhuri wa uwakili, haandai hati za watu kwa malipo. Vishoka wanaofanya hivyo wanawaumiza maskini, mjane anauziwa hati ya mirathi isiyo na maana yoyote, na wanatuchafua na sisi tuliokaa upande wa haki.

Ninachoomba kwa waajiri, acheni kuweka sharti la uwakili kwenye kazi ambayo mtu hatakanyaga mahakamani hata siku moja. Kupitia mikataba ofisini kunahitaji aliyesoma sheria vizuri, basi. Na vyuo vya sheria, mwaka wa pili tu waiteni watu wa ujenzi, bima, benki na watafsiri waje waongee na wanafunzi saa nzima, na field wapelekwe huko pia, sio wote kujazana mahakamani na kwa mawakili.

Yule mtoto wa shangazi nimemwambia aje Mwanza mwezi ujao akae na mimi ofisini wiki mbili aone, bosi ameshakubali, nauli natuma mimi.

Afisa mikataba,
Mwanza