Upanga umewaka, ila ncha zimekuwa njano

Mambo Side,

Za siku nyingi bwana. Najua najua, mimi ndo nimepotea, usianze. Mama anakusalimia sana, Mudi pia, bado anadai kofia yake. Haya tuyaache.

Upanga umewaka! Ule wa taa, wa gemu la Halo, tuliouanza wote ukasusa, au mimi nilikukera mpaka ukasusa, tutabishana ukija. Umewaka jana saa nane usiku nikapiga ukelele nyumba nzima ikaamka, nikazima taa ya chumbani niufaidi, ndo nikaona. Side, ncha zimekuwa njano. Pale kwenye mpini bluu yenye weupe kama kwenye gemu lenyewe, ukipanda kidogo inaanza kuchuja, ukifika kule juu ni kibatari kabisa. Upanga wa plazma wenye utambi, umeshawahi kuona wapi?

Na wewe ulisema. "Lisha umeme miisho yote miwili ya mkanda wa taa", nikakujibu unajifanya injinia. Sasa nimekaa na ile mita yako (ndio, ninayo mimi, ulikuwa unaitafuta?) nikapima, mpinini volti 5, nikapima nchani, hata 4 hazifiki. Mkanda wenyewe mwembamba, umeme unapungua kila hatua, na bluu inataka volti nyingi kuliko nyekundu, kwa hiyo bluu ndo inazimia ya kwanza njiani, nyekundu inabaki inatamba na kijani kidogo, ndo njano hiyo. Yaani ulikuwa sahihi. Nimeandika mara moja, usitegemee nitarudia mbele ya Mudi.

Halafu kuna hesabu nyingine niliipuuza. Taa 144 kwa pande zote mbili za upanga, kila moja ikiwaka nyeupe kamili inakula hadi miliampea 60, zidisha, zaidi ya ampea 8! Na pawabenki niliyokuwa nayo inatoa 2. Ndo maana ilikuwa inawaka sekunde tatu inakata, nami nikawa nalaumu Arduino, ile kompyuta ndogo inayoziongoza taa, nikaibadilisha bure. Mwishowe nikakuta kwenye FastLED, ile programu ya kuendeshea taa, kuna mstari mmoja tu unaandika isizidi ampea fulani, ikatulia. Mwanga umepungua lakini gizani huoni tofauti, mchana ndo sijui.

Mengine madogo madogo. Jioni nzima imepotea kwa sababu nilifunga mkanda kinyume na mshale, data inaingia upande mmoja tu, nilisahau. Akriliki nimeisugua kwa msasa namba 400 mpaka ikawa ukungu, bado taa zinaonekana nukta nukta kama siafu wenye tochi, nikaacha nafasi ya vidole viwili kati ya taa na akriliki ndo zikachanganyika. Na mpini, ile foamu ya EVA niliyoipasha joto nikaikunja vizuri, nikaigundisha, nikaipiga msasa, nikaipaka rangi mikono mitatu, unajua nilisahau nini ndani? Swichi. Usicheke. Nimeupasua kwa kisu kama samaki.

Lakini bora hivyo, maana sasa uko wazi na waya za kwenda nchani lazima zipitie humo humo. Hapo ndo nimekwama. Nimenunua waya mnene kama ulivyotaka, nimejaribu kulehemu kwenye zile shaba ndogo za mwisho wa mkanda, mbili zimebanduka. Mkono wangu unaujua, unatetemeka nikiangaliwa hata na paka. Nikiharibu moja zaidi inabidi niung'oe mkanda wote wa upande wa kulia, na ule nimeshaugundisha. Njano ile siwezi kutoka nayo mbele za watu, bora nibaki nyumbani na gwanda langu la Halo.

Kwa hiyo, utakuja? Jumamosi hii au ile nyingine? Ile pasi yako ya kulehemu yenye ncha nyembamba bado ipo au ulimpa Zai? Na hasa, hivi ulikasirika kwa ajili ya waya kweli au ni lile neno nililosema mlangoni? Maana nilikuwa nacheka... basi, tutaongea. Helmeti yako bado iko juu ya kabati, sijaigusa. Umeamua kioo chake cha mbele ukitie taa, au unakiacha giza?

Nijibu basi, hata neno moja.

Mimi wako,
Injinia wa kibatari