YAH: Kisanduku cha pedali sambamba, na maneno niliyoambiwa kaunta

Meneja,
Tawi la Mwanjelwa,
Mbeya.

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Natumaini hujambo na kazi zinaendelea. Masharti yenu ya dhamana unayajua kuliko mimi, yamebandikwa ukutani nyuma ya keshia, hivyo sitayarudia.

Kisanduku mlichonitengenezea, cha kugawa sauti ya gitaa kwenye pedali zangu mbili za kuchafua sauti, fazi na distosheni, kisha kuichanganya tena, kinaua sauti. Fazi ikipiga peke yake ni nzito. Distosheni peke yake inauma vizuri. Nikiziwasha zote mbili besi inatoweka, unabaki mlio mwembamba kama nyuki ndani ya kopo. Sababu haihitaji mganga: pedali moja inapindua mawimbi, nyingine haipindui, na mawimbi yanayopingana yakichanganywa yanafutana. Ndiyo maana kwenye mchoro wangu, uliogongwa muhuri wenu wa "imepokelewa", niliomba swichi ya kugeuza mawimbi kwenye njia moja. Swichi haipo. Tundu lake lipo, limezibwa kwa gundi.

Nilipokirudisha, fundi wenu hakunipa hata shikamoo. Akachomeka waya, nikaanza kupiga, na katikati ya kupiga akachomoa jeki na kuwaambia wateja: "Si pedali, ni masikio ya mzee ndiyo yameisha muda." Watu wakacheka.

Haya, bafa, yaani saketi ndogo inayopokea sauti bila kuinyonya na kuisukuma mbele. Fazi yangu ni ya transista za jemaniamu, mtindo wa Fuzz Face iliyotoka Uingereza mwaka 1966. Fazi ya namna hiyo inataka kukutana na pikapu ya gitaa, yaani kile kinachonasa mtetemo wa nyuzi, moja kwa moja. Ukiitangulizia bafa inakwaruza, na ukipunguza volyumu kwenye gitaa haisafiki tena. Bafa niliiomba kwenye njia ya distosheni, yenye ukinzani wa kuingilia wa megaomu 1 ili isinyonye sauti ya gitaa, na nyingine mbili mwishoni, kabla ya kuchanganya, ili pedali moja isiilemee mwenzake. Ninyi mmeweka bafa moja, mlangoni, mbele ya zote. Mwishoni mmezichomelea nyaya mbili pamoja mkaita mikisa. Na risiti yenu imeandikwa "bafa 3"!

Kabla ya hapo, nilipopiga simu, fundi huyohuyo alisema tatizo ni baridi ya Mbeya. Ni kweli jemaniamu hubadilika tabia kwa joto na baridi, kila mwenye fazi hiyo analijua hilo. Lakini baridi haipindui mawimbi, na wala haizibi tundu kwa gundi.

Narudia lile la kaunta, maana nadhani utaambiwa ulikuwa utani. Vidole vyangu vilikuwa bado kwenye nyuzi. Nilikuwa nimemwomba kwa upole, "Kijana wangu, washa moja, kisha nyingine, kisha zote, utasikia mwenyewe." Hakugusa swichi hata moja. Alichomoa jeki ampu ikiwa wazi, ikalipuka mlio uliomshtua mama aliyekuwa akichagua spika za kanisa, ndipo akasema masikio ya mzee yameisha muda. Kijana ninayemfundisha solo alikuwa amesimama pembeni yangu. Akainamisha kichwa. Fundi akamgeukia mteja mwingine: "Karibu, bosi." Ulikuwa ofisini, mlango wazi, na hukutoka.

Nilipoanza kuandika nilitaka kisanduku kitengenezwe upya kama mchoro unavyosema, basi. Sasa nataka fedha yangu yote, pamoja na malipo ya harusi ya Tukuyu niliyoikosa kwa kukosa chombo cha kupigia. Na fundi aniombe radhi palepale kaunta, saa ambayo duka lina watu, kijana wangu akiwepo. Mkiniita nije kuchukua "kilichorekebishwa", siji.

Mchoro wenye muhuri ninao, risiti ninayo, na nimepiga picha ndani ya kisanduku, bafa moja inaonekana vizuri kabisa. Nisipopata jibu la maandishi hadi Ijumaa saa sita mchana, nakala za vyote vinakwenda Tume ya Ushindani, na mimi mwenyewe nakwenda Mahakama ya Mwanzo.

Wako,
Mpiga solo, mteja wenu wa zamani