Betri haipimwi kwa miliampea tupu

Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie neno moja dogo ambalo gazeti lako hulidondosha kila linapoandika habari za simu mpya: "saa". Tunasoma "betri ya miliampea 5,000" wakati ni miliampea-saa 5,000. Miliampea hueleza kasi ya chaji inayopita; miliampea-saa ni kiasi cha chaji chenyewe. Ukiiacha saa, ni kama kutaja ujazo wa pipa kwa kasi ya bomba linalolijaza.

Ningenyamaza kama jambo hili lisingefika darasani kwangu. Nafundisha fizikia. Wiki iliyopita niliwataka wanafunzi wakokotoe chaji ya betri yoyote ya simu kwa kulombi, yaani kipimo cha chaji. Binti mmoja, makini sana, alikata habari yenu akaibandika daftarini. Akageuza miliampea 5,000 kuwa ampea 5, halafu akaandika kwa penseli: "Muda haujatolewa." Akaishia hapo. Sikuweza kumkosoa, maana kweli haukutolewa.

Tulimalizia ubaoni. Ampea moja ni kulombi moja kwa sekunde, na saa moja ina sekunde 3,600. Kwa hiyo ampea-saa 5 ni kulombi 18,000. Anayetaka njia fupi azidishe miliampea-saa kwa 3.6, akitaka kurudi, agawanye. Binti akauliza hizo ni elektroni ngapi. Kulombi moja ni chaji ya elektroni zipatazo 6.24 × 10¹⁸, basi tukapata 112 ikifuatwa na sifuri 21, na darasa zima likazihesabu kwa sauti. Nilifurahi mno siku hiyo.

Lipo na la kulinganisha betri. Tuseme ya kompyuta mpakato ina miliampea-saa 4,400 na ya simu ina 5,000. Kwa kulombi, ya simu inaongoza: 18,000 dhidi ya 15,840. Lakini ya kompyuta ikiwa ya volti 11.1 na ya simu volti 3.85, zidisha ampea-saa kwa volti uone: wati-saa 48.8 kwa 19.3. Kompyuta ina nishati zaidi ya mara mbili. Namba ya chaji bila volti itampotosha mnunuzi, kwa hiyo nawaomba waandishi wako waziweke zote mbili.

Tafadhali chapisha sahihisho, hata la mstari mmoja. Binti yule ameacha nafasi chini ya kile kipande ili alibandike.

Mwalimu wa fizikia