Barua kwa Kaka: Kabla Hujamhamisha Binti Yetu

Rochester, New York

Kwako Kaka mpendwa, Wifi, na watoto wote wa Isevya, Tabora.

Shikamoo Kaka, na kwako Wifi salamu nyingi. Natumaini barua hii itawakuta mkiwa wazima wa afya, kama nami nilivyo huku ugenini, ambako kazi inaendelea vizuri na baridi imeanza kupungua. Ningeweza kupiga simu, lakini jambo ulilonieleza linahitaji maneno yaliyopangwa, ambayo utaweza kuyasoma tena ukiwa na Wifi, na hata kumsomea kijana wetu, kaka yake binti, akirudi kutoka mazoezini.

Umeniambia kwamba binti yetu hataki tena kwenda shule. Wenzake wanauigiza mwendo wake, wanavuta maneno kama anavyoyavuta yeye kwa sababu ya mtindio wa ubongo, na wanamfichia mkongojo wakati wa mapumziko, hata siku moja akabaki peke yake darasani mpaka mlinzi alipokuja kufunga milango. Umeniambia pia kwamba ulikwenda kumwona mkuu wa shule, wakosaji wakachapwa viboko mstarini, na tangu siku hiyo uonevu ukahamia njiani na nyuma ya madarasa, ambako mwalimu hayupo. Sasa unafikiria kumpeleka shule ya bweni katika mkoa mwingine. Kabla hujalipa ada huko, Kaka, nakuomba uyasikilize maoni ya shangazi yake, kwa kuwa jambo hili ndilo kazi yangu ya kila siku: mimi ni msaidizi wa darasa kwa wanafunzi wenye ulemavu katika shule ya sekondari, na mahali ninapowaona wakiumizwa zaidi si darasani, ni kwenye ukumbi wa chakula.

Katika shule za huku, wanafunzi wanaosikilizwa kuliko wote ni wachezaji wa timu ya shule. Ijumaa usiku wazazi na wakazi wa mji hujaa uwanjani kuwatazama, majina yao hutangazwa kwa kipaza sauti, na wadogo zao huwaiga hata namna ya kufunga kamba za viatu. Ukumbini wana meza yao, na mwanafunzi wa kawaida hawezi kuketi hapo bila kukaribishwa. Mwenye ulemavu mara nyingi huketi pembeni na mtu mzima kama mimi, au huketi peke yake. Nguvu hiyo waliyo nayo wachezaji inaweza kuwa mbaya sana, kwa maana wengi wa waonevu wamo humo humo timuni, na yeyote asemaye kwamba michezo peke yake hufundisha utu hajawahi kukaa katika chumba cha kubadilishia nguo. Lakini nguvu hiyo hiyo ikielekezwa vizuri hufanya jambo ambalo fimbo ya mwalimu haiwezi kulifanya.

Nataka nikueleze habari iliyotokea mwaka 2012 katika shule ya sekondari ya Queen Creek, jimboni Arizona, kwa sababu inafanana na yetu kuliko nyingine zote ninazozijua. Alikuwapo msichana aliyezaliwa na tatizo la ubongo, ambaye uwezo wake wa kuelewa mambo ulikuwa kama wa mtoto wa shule ya msingi, na wanafunzi wenzake walikuwa wakimwita majina na kumtupia takataka. Mama yake alipoona walimu hawafaulu, alimwandikia mvulana mmoja aliyemfahamu, mchezaji anayeongoza mashambulizi katika timu ya mpira wa Kimarekani, akamwomba jambo dogo tu: amtafutie majina ya wanaomwonea mwanawe. Yule mvulana hakuishia kwenye majina. Alimkaribisha msichana kwenye meza ya timu wakati wa chakula cha mchana, akawaeleza wenzake sababu, nao wakaanza kumsindikiza kutoka darasa moja hadi jingine. Hawakumpiga mtu wala hawakumtishia mtu. Uonevu ulikoma, kwa sababu hakuna aliyethubutu kumtupia taka msichana anayekula na wachezaji, na hata angethubutu, hakuna ambaye angemchekea.

Hapo ndipo penye siri yote, Kaka, na ndiyo maana nimeirefusha habari hii. Mwonevu hufanya kazi yake mbele ya watazamaji, naye hulipwa kwa kicheko chao. Viboko vya mstarini havikigusi kicheko hicho. Pengine hukiongeza, kwa maana aliyechapwa hurudi kwa wenzake kama shujaa, na aliyeshtaki huonekana msaliti. Mchezaji anayependwa akikataa kucheka, na akionekana amesimama upande wa yule anayechekwa, wale wa katikati, ambao ndio wengi na ambao si wabaya bali ni waoga tu, hupata ruhusa ya kuwa watu wema. Timu ile ilitwaa ubingwa wa jimbo katika daraja lake mwaka ule ule, na magazeti yalifurahi sana kuviunganisha vitu hivyo viwili. Mimi naona kombe si la muhimu hapo. Hata wangefungwa michezo yote, msichana yule angekuwa amekula chakula chake kwa amani.

Hapa karibu na ninapoishi ipo shule iitwayo Greece Athena, ambayo wenyeji hawachoki kuisimulia. Tarehe 15 Februari 2006, kijana mwenye usonji aitwaye Jason McElwain, ambaye kwa muda mrefu alikuwa akiwapa wachezaji wa mpira wa kikapu maji na taulo, alivalishwa jezi na kocha Jim Johnson katika mchezo wa mwisho wa nyumbani. Aliingizwa zikiwa zimebaki dakika kama nne. Mitupo yake ya mwanzo ilikosa, kisha akafunga pointi 20, zikiwemo mitupo 6 ya mbali yenye thamani ya pointi tatu kila mmoja, na wanafunzi wakamiminika uwanjani kumbeba mabegani. Hata rais wa Marekani wa wakati huo alikuja kumsalimu. Ni habari ya kweli, nami huifurahia kila inaposimuliwa. Hata hivyo, nikiwa kazini nimejifunza kuogopa zile habari zinazoiga hiyo, ambamo mtoto mwenye ulemavu huingizwa uwanjani dakika ya mwisho, wapinzani wakamwachia afunge, simu zikanyanyuliwa kupiga picha, na Jumatatu akarudi kula peke yake. Kinachonigusa kwa Jason ni kwamba alikuwa mmoja wa timu kabla ya usiku ule. Wachezaji waliinuka benchini kumshangilia kwa sababu walikuwa wakimjua kwa jina, kwa utani wake na kwa hasira zake timu inapofungwa. Ukimsaidia binti yetu, usimtafutie siku ya kupigiwa makofi. Mtafutie mahali pa kuketi kila siku.

Yapo pia mambo madogo yasiyohitaji maandalizi. Miaka michache baadaye, mjini Kenosha, jimboni Wisconsin, wavulana wa timu ya mpira wa kikapu waliwasikia watu wakimdhihaki msichana mmoja wa kikundi cha ushangiliaji mwenye ulemavu wa akili. Walisimama upande wake, wakataka dhihaka hiyo ikome. Walikuwa wadogo kuliko kijana wetu.

Sasa nirudi nyumbani. Kijana wetu ni nahodha wa timu katika shule hiyo hiyo anayosoma dada yake, naye amekwambia kwamba hayo ni mambo ya Kidato cha Pili, hayamhusu. Sidhani kwamba hampendi dada yake. Nadhani hakuna mtu mzima aliyewahi kumkalisha chini akamwambia waziwazi kwamba analo jambo la kufanya, na jambo lenyewe ni lipi. Yule wa Arizona naye hakuanza mwenyewe, aliombwa na mzazi. Nanyi mnajua uzito wa wachezaji hapo Tabora. Mwaka 2022 mashindano ya kitaifa ya michezo ya shule za sekondari, UMISSETA, yalipofanyika mjini kwetu, watoto wa mtaa mzima waliwafuata wachezaji wa mikoa mingine ili tu washike jezi zao. Hata vijana wa bodaboda, ambao hawamsikilizi mtu, humwita mchezaji kwa heshima wakimkuta njiani. Msitafute mlinzi wa binti yetu mbali wakati yumo ndani ya nyumba.

Kwa hiyo ninaomba mambo haya. Kwanza kabisa, mwulizeni binti mwenyewe. Mara nyingi sisi wakubwa huamua juu ya watoto wenye ulemavu kana kwamba hawapo chumbani. Kuzungumza kwake kwa taabu hakuna maana kwamba hana la kusema. Mpeni muda amalize sentensi yake, msimmalizie. Pengine hatataka kusindikizwa na kundi la wavulana, atataka wasichana wa netiboli, na mimi naona hilo lingekuwa bora zaidi, kwa sababu wao wataweza kuwa naye hata mahali ambapo kaka yake hawezi kuingia. Pengine atataka tu mtu wa kukaa naye wakati wa foleni ya makande. Lolote atakalolisema ndilo liwe msingi.

Pili, kijana wetu asijaribu peke yake. Nahodha akimtetea dada yake peke yake, watu watasema ni udugu tu, na akikasirika atarusha ngumi, kisha atafukuzwa yeye. Inatakiwa iwe timu. Akae na wenzake watatu au wanne anaowaamini, awaambie ukweli wa yanayotokea nyumbani wakati wa jioni dada yake anapolia, na wakubaliane kwamba yeyote atakayemwigiza mbele yao hatapata kicheko kutoka kwao, ataambiwa mara moja na kwa sauti ya kawaida kwamba hapa hatufanyi hivyo. Kati yao wawemo wa Kidato cha Tatu, kwa maana kijana wetu anamaliza Kidato cha Nne mwaka huu, na binti atakuwa bado na miaka miwili mbele yake.

Tatu, Kaka, nenda ukamwone mwalimu wa michezo, si mkuu wa shule tu. Mwalimu huyo ndiye anayepanga nani avae jezi, na neno lake kwa wachezaji lina uzito kuliko matangazo ya mstarini. Mwombe ampe binti kazi ya kweli katika timu: kuandika matokeo, kutunza orodha ya wachezaji, kushika saa ya mazoezi. Ana mwandiko mzuri na kumbukumbu kali ya hesabu, basi apewe kazi inayotegemea vipaji hivyo, na akikosea asahihishwe kama wengine. Huku kuna utaratibu ambamo wanafunzi wenye ulemavu wa akili na wasio na ulemavu hucheza katika timu moja, ulioanzishwa na Special Olympics, chama alichokiasisi Eunice Kennedy Shriver mwaka 1968 kwa mashindano yaliyofanyika Chicago. Chama hicho kipo Tanzania pia. Mwalimu akitaka kuwafikia, nitamsaidia kuandika barua. Tena mkumbushe kwa adabu kwamba Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inampa mtoto huyu haki ya kusoma pamoja na wenzake, hatuombi hisani.

Sisemi kwamba shule za bweni za watoto wenye ulemavu ni mbaya. Wapo wanaohitaji walimu na vifaa visivyopatikana shule ya kawaida, na kwao shule hizo ni msaada mkubwa. Lakini binti yetu anafuata masomo vizuri, anafaulu, na kinachomtoa shuleni ni tabia ya watu wasio na ulemavu. Akihamishwa yeye, waliomwonea watabaki, na wa kwanza kujifunza kwamba mlemavu ndiye anayepaswa kuondoka watakuwa wao.

Mwanangu nahodha, aya hii ni yako. Shangazi yako hakuagizi ugomvi. Ninakuomba kesho wakati wa mapumziko umwendee dada yako mbele ya watu, umshikie begi lake, uketi naye, na uwaite wenzako waje kuketi hapo. Mtaona aibu siku ya kwanza, kwa sababu watu watawatazama. Endeleeni hivyo hivyo. Kitambaa cha unahodha umevishwa na shule nzima, na dada yako ni mwanafunzi wa shule hiyo.

Wifi, nimetuma fedha kidogo kwa simu kwa ajili ya kutengeneza mkongojo mwingine. Fundi seremala aliyetengeneza ule wa kwanza apime upya, maana mtoto amekua. Kaka, nakuomba umwone mwalimu wa michezo kabla ya Ijumaa, na usilipe ada ya shule ile ya bweni mpaka tutakapozungumza. Nitapiga simu Jumapili saa mbili usiku kwa saa za huko, na ningependa binti awe wa kwanza kuishika.

Wasalimie wote wa Chemchem na Cheyo.

Ni mimi mdogo wako,
Shangazi wa watoto