Risala kwa Mgeni Rasmi: Tangazo Linaita Watazamaji, Wapigaji Wanaitwa na Nani?

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mwenyekiti wa Umoja wetu,
Walimu wa muziki mliotenga jioni yenu kwa ajili yetu,
Wazazi wenzangu,
Vijana wetu, ambao baadhi yenu sare zenu bado zina matope ya Jumamosi,

Itifaki imezingatiwa. Shikamooni wakubwa, habari za jioni wote.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kwa niaba ya Umoja wa wazazi wanaozungumza Kiswahili hapa Indianapolis, naomba kukukaribisha kwenye hafla yetu ya kuwapongeza vijana waliomaliza msimu wa gwaride mashuleni. Tunajua Novemba ni mwezi wa pilikapilika kwa watu kama wewe, wa vikosi vya ngoma na tarumbeta, yaani makundi ya vijana yanayoshindana kwa muziki wa gwaride kila kiangazi nje ya bendi za shule, na ndiyo maana tumekualika mwezi huu badala ya Agosti. Sababu yake utaisikia hivi punde.

Umoja wetu ulianza kwa shida ya usafiri. Wengi wetu tumetoka Kivu na Katanga, wengine tukipitia kambi ya Nyarugusu. Wapo wa Kigoma, wa Tanga, wa Mombasa na wa Bujumbura. Watoto walipoanza shule hapa walirudi nyumbani na karatasi ya bendi, nasi tukatia saini kama tulivyotia saini karatasi za chakula na za chanjo. Baadaye ndipo tukajua kwamba bendi ya shule ya Marekani ni mazoezi kwenye lami mwezi wa nane jua likiwaka, mechi kila Ijumaa usiku, na mashindano Jumamosi kutwa. Gari la mmoja likawa la wote. Hivi leo tuna vijana kwenye tarumbeta, kwenye tromboni, kwenye ngoma, na mabinti wawili wanaorusha bendera juu na kuzidaka kwa namna ambayo sisi mama zao hatujazoea kuitazama bila kufumba macho.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, muziki wa shaba na ngoma si mgeni kwetu. Waliolelewa karibu na kanisa la Kimbangu kule Kongo wanaijua fanfari, yaani bendi ya ala za shaba: mtoto anakabidhiwa ala ndani ya kanisa, anaketi pembeni ya anayejua, na baada ya muda naye anajua. Watu wa Pwani wana simulizi za beni, ngoma iliyoanzia Lamu na Mombasa mwishoni mwa karne ya 19, ikaenea Tanganyika na askari na wapagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Walikuwa na sare, vyeo vya kijeshi, tarumbeta na mashindano makali kati ya vyama; Marini na Arinoti ni majina ambayo wazee wa Tanga na Dar es Salaam waliyasikia kwa wazazi wao. Chama cha beni kilihitaji watu wengi wa kuchangia, wa kucheza na wa kuzikana. Aliyesimama kando akitazama leo, kesho alifuatwa nyumbani aingie.

Nimeyasema haya kwa kuwa ndiyo macho tuliyoyatumia kuvitazama vikosi vyenu.

Tangu 2009 fainali za Drum Corps International, yaani DCI, shirika linaloandaa mashindano ya vikosi hivyo, zimekuwa zikifanyika hapa mjini kwetu, uwanja wa Lucas Oil, isipokuwa 2020 ambapo msimu wote ulifutwa kwa sababu ya korona na 2021 ambapo vikosi vilipiga bila kupewa alama. Makao makuu ya DCI yako hapa hapa. Kila kiangazi matangazo hutufikia kwenye simu na mabango: ngoma, mwanga, vijana wakikimbia na tuba mabegani kana kwamba ni mito ya kulalia. Kwa kweli ni matangazo mazuri. Na kila moja, ukilisoma hadi chini, linaishia kwenye tiketi.

Tulikaa kikao kimoja tukayaweka mezani. Hakuna hata moja katika yale tuliyokuwa nayo lililomweleza mzazi kwamba kijana anaruhusiwa hadi umri wa miaka 21, kwamba usaili upo, unafanyika lini, na unagharimu nini. Mama mmoja alikuwa na hakika kabisa kwamba wale ni wanajeshi. Mwingine alidhani wanalipwa mshahara. Alipoambiwa kwamba wao ndio wanaolipa, na kwamba ada ya msimu mmoja ni maelfu ya dola, alicheka akidhani anataniwa.

Lakini lililotuuma zaidi ni majira. Matangazo huja Juni, Julai na Agosti. Usaili wa vikosi vingi huanza Novemba na kuendelea majira ya baridi, na ifikapo masika nafasi nyingi zimeshajaa. Kijana anayeliona tangazo Julai, moyo ukamwaka, anakuwa amechelewa kwa miezi. Akisubiri hadi Novemba, hakuna tangazo linalomkumbusha. Mheshimiwa Mgeni Rasmi, hatuhitaji mtaalamu wa masoko kutueleza tangazo hilo limetungwa kwa ajili ya nani. Kalenda yenyewe inatosha.

DCI inajinadi kama ligi kuu ya muziki wa gwaride. Ni jina lenye heshima na limeuza viti vingi, ila ligi kuu ni kitu cha kwenda kutazama. Kijana wa kwetu akisikia ligi kuu anatafuta kiti.

Tusieleweke vibaya. Tunajua fedha za milangoni zina kazi. DCI si kampuni ya faida, na sehemu ya mapato ya maonyesho hurudi kwa vikosi. Tunajua pia kwamba vikosi vikubwa havina uhaba wa wanaotaka kuingia: Blue Devils au Bluecoats huwarudisha nyumbani vijana wengi kuliko wanaowachukua, kwa kuwa kikosi kina kikomo cha idadi ya watu. Atakayesema "kwa nini nitangaze nafasi ambayo tayari inagombewa?" ana hoja. Tumeijadili hoja hiyo, na jibu letu ni kuuliza wanaoigombea wametoka wapi.

Zamani walitoka mtaa wa jirani. Kikosi cha The Cadets kilianza 1934 kwenye parokia ya Holy Name, mji wa Garfield, New Jersey. Cavaliers kilianza Chicago 1948 na kundi la maskauti. Boston Crusaders nacho, 1940, kilizaliwa parokiani. Kule Marekani ya wakati huo parokia, maskauti na vyama vya maaskari wastaafu vilikuwa na vikosi vya watoto wa palepale, na mtoto aliingia hajui kushika fimbo ya ngoma, akafundishwa humo humo. DCI ilipofanya fainali zake za kwanza mjini Whitewater, Wisconsin, mwaka 1972, vikosi vya namna hiyo vilikuwa mamia nchini. Leo vikosi vya vijana vinavyoshindana kiangazi havifiki hamsini. Ubora umepanda mno, hakuna anayebisha. Safari zimerefuka, mabasi na malori ya ala yameongezeka, na gharama zimemwangukia kijana. Anayefika usaili sasa ni yule aliyefundishwa miaka mingi na anayeweza kupanda ndege kwenda kambi ya mwisho wa wiki. Kikosi hakifundishi tena kushika fimbo.

Na fedha za watazamaji pekee hazikuviokoa. Santa Clara Vanguard, mabingwa wa 2018, walishindwa kuingia uwanjani 2023 kwa sababu za kifedha. The Cadets, waliovuka vita na kila mabadiliko ya kanuni, walifunga 2024, miaka 90 tangu waanze.

Tena Mheshimiwa, hebu tuangalie wanaokaa vitini. Tulikwenda Lucas Oil kwa tiketi za bei ya chini, kule juu. Mbele yetu walikuwa wazee wenye jaketi za vikosi ambavyo vingine havipo tena, wakihesabu hatua kwa midomo. Kushoto wanafunzi wa bendi na mwalimu wao. Nyuma wazazi wa kijana mmoja wa ngoma kubwa, ambao hawakutazama kitu kingine uwanjani isipokuwa ngoma hiyo. Asiyewahi kupiga, asiye na mtoto anayepiga wala asiyetarajia kupiga, alikuwa ni muuza soda. Huo ndio ushahidi wetu wa macho tu, lakini tunaona unatosha kusema hivi: mtazamaji wa vikosi ni mpigaji wa jana, wa leo au wa kesho, pamoja na familia yake. Anayetafuta watazamaji wapya bila kutafuta wapigaji wapya anauza tiketi kwa watu walewale, na watu hao wanazeeka.

Kuna mjumbe wetu mmoja aliyepinga sehemu ya risala hii, na kamati imeona haki maneno yake yasomwe. Alisema hakuna kijana aliyewahi kuingia bendi kwa sababu ya bango. Tuliwauliza vijana wenyewe waliopo hapa. Huyu alivutwa na rafiki wa kiti cha jirani, yule aliambiwa na mwalimu "una midomo ya tuba", mwingine alikuta tromboni imekaa kabatini haina mtu. Basi mjumbe ana haki. Tangazo likiboreshwa namna gani, halitambeba kijana kutoka kitini hadi uwanjani. Anayembeba ni mtu. Kwa hiyo hatukuombi bango la Kiswahili, ingawa likija tutalibandika.

Tuna kijana hapa, jina lake tunalihifadhi, anayepiga ngoma ndogo. Nyumbani ni ghorofa ya pili na jirani wa chini anafanya kazi zamu ya usiku, kwa hiyo anafanya mazoezi kwenye kipande cha mpira kilichogundishwa kwenye ubao, ubao umewekwa juu ya mto, mto juu ya kitanda. Mkono wake umekuwa mwepesi ajabu. Mwezi uliopita tulikaa naye kujaza fomu ya usaili ya kikosi kimojawapo. Jina, sawa. Ala, sawa. Miaka ya uzoefu, sawa. Kisha: mwalimu wako binafsi ni nani? Akatuangalia. Kisha namba ya kadi ya benki kwa ada ya usaili, isiyorudishwa. Fomu iliachwa hapo, na kompyuta ya maktaba ikajizima yenyewe muda ulipokwisha.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, wewe uliwahi kupiga tarumbeta ya kikosi na leo unakaa kwenye bodi. Maombi yetu ni haya, na tumejitahidi yasiwe mazito.

Tunaomba sehemu ya nguvu inayotumika kutangaza kiangazi ihamie Septemba na Oktoba, na itumwe miguu: vijana wenu wawili watatu waje chumba cha bendi, wapige, waseme wanatoka wapi na wamelipaje. Vijana wetu watawaamini wao kuliko video yoyote. Tunaomba ada ya usaili isamehewe kwa wanaopata chakula cha bure shuleni. Fomu ya chakula hicho tayari ipo, hakuna haja ya kutunga nyingine. Tunaomba ala za zamani zinazolala ghalani baada ya kikosi kununua mpya zipite kwetu kabla hazijauzwa, hata zenye mibonyeo. Na kwa kuwa DCI yenyewe ina SoundSport, jukwaa la vikundi vidogo vya umri wowote na ala yoyote, tunaomba utusaidie kuingiza kikundi chetu mwakani. Tuna wapigaji wa shaba, tuna mama wawili wa ngoma za Kivu, na mzee mmoja aliyepiga fanfari ya kanisa tangu ujana wake na ambaye mapafu yake bado yanawatoa jasho hawa vijana.

Kwa upande wetu, Umoja utatoa usafiri, chakula cha mazoezi, na ukumbi huu kila Jumapili alasiri. Kuhusu tiketi za Agosti, mweka hazina ameshaanza kukusanya michango. Hapo hatuna ombi.

Baada ya risala hii vijana watapiga vipande viwili, na yule wa ngoma ndogo atakuwa mbele kushoto. Fomu yake imechapwa na iko kwa katibu, pale kwa namba ya kadi pakiwa bado patupu. Tunakuomba ukae naye dakika chache kabla ya chakula.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, naomba kuwasilisha.

Katibu, kwa niaba ya Umoja wa Wazazi